Korosho tunalima sisi, wanabangua wengine: serikali iingie wapi na itoke wapi?

Karani Mstaafu (#1, mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, simlaumu.

Msimu wa 2018 nilikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika huku Mtwara. Kupima, kuandika stakabadhi, kuhesabu magunia, ndiyo kazi yangu. Oktoba ile ghala lilijaa hadi tukapanga magunia barazani na kuyafunika turubai. Siku ya mnada wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000 kwa kilo, na msimu uliotangulia watu walishaonja 4,000. Mnakumbuka ule msimu, wenzetu wa mikoani mlivyotutania kwamba Kusini mbuzi wananyweshwa bia na watu wananawa miguu kwa soda. Sasa bahasha zinasomwa, mzee mmoja akasimama, akakung'uta kanzu, akasema, "Hatuuzi." Uwanja mzima ukaitikia. Na mimi karani nilipiga makofi, sitaki kusema uongo.

Yaliyofuata mnayajua. Novemba Rais Magufuli akawakataa wanunuzi, ikatangazwa 3,300 kwa kilo, mawaziri wawili wakaondolewa, malori ya jeshi yakaja kusomba. Kijijini kwetu ngoma ililia usiku kucha. Kisha miezi ikaanza kupita. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 akaambiwa asubiri shamba lake lihakikiwe, asije akalipwa kangomba, yule mlanguzi wa vijijini, kwa jina la mkulima. Daraja la pili likalipwa 2,640. Mwezi wa tano bado nilikuwa naulizwa dirishani, "Karani, zimeingia?" Ikafika mahali nikabadilisha njia ya kwenda msikitini.

Sijaja kufukua makaburi. Kuna kitu kidogo tu nilikiona ghalani ambacho hadi leo ndicho kinachonifundisha uchumi kuliko hotuba zote nilizosikia.

Korosho ya Oktoba ukiipasua kiini kimejaa, cheupe, kinang'aa. Machi ile nikachoma gunia kwa kile kichuma cha kutolea sampuli, nikapasua korosho kumi. Kiini kimeanza kugeuka manjano, kingine kimesinyaa. Korosho ni zile zile nilizopima mwenyewe. Na Machi hiyo hiyo Ivory Coast walikuwa wanavuna mpya.

Hapo ndipo nilipoelewa tunachouza. Dunia ina mavuno mawili ya korosho. Afrika Magharibi, India, Vietnam na Kambodia wanavuna kuanzia Februari kwenda Mei au Juni. Sisi na Msumbiji tunavuna Oktoba hadi Januari, wakati maghala ya wabanguaji wa Asia yanaelekea kukauka na Krismasi na mwaka mpya wao vinabisha hodi. Mungu katupa miezi mitatu ya kuwa peke yetu sokoni, na hiyo miezi ndiyo bei yetu. Mwaka ule tuliitumia kubishana. Tulipomaliza kubishana, tukajikuta tunauza mzigo wa zamani mbele ya mtu mwenye mzigo mpya, na yeye analima kuliko nchi yoyote duniani.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wanajadili kama serikali iingilie uchumi au isiingilie, naona wameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Kwenye korosho serikali iliingia tangu zamani. Ilijenga viwanda miaka ya 70. Ilileta stakabadhi ghalani 2007, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa karatasi, unauzwa mnadani. Inatoza tozo ya kusafirisha korosho ghafi, yaani zisizobanguliwa. Inafanya utafiti Naliendele. Imepanua bandari ya Mtwara. Mengine yametubeba, mengine yametuzamisha, na yote ni serikali ile ile. Tofauti iko wapi? Mimi nina jibu langu, lakini nataka kusikia kwanza.

Kiti Cha Mbele (#2)

Nimekaa. Leteni korosho za kutafuna tukiwasubiri wachumi.

Bibo Chungu (#3)

Mkuu umeandika vizuri ila unazunguka. Jibu ni jepesi, serikali itoke. Kila ikigusa zao linanyauka. Nipe zao moja ambalo bodi yake imelifanya liwe tishio duniani. Pamba? Katani? Hiyo stakabadhi ghalani unayoisifia, mkulima anapeleka mzigo leo, analipwa baada ya wiki tatu, na njiani kakatwa ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa ghala, wa halmashauri, wa gunia. Kangomba anatoa hela mkononi. Mwacheni mtu auze kwa amtakaye, ushindani utajileta wenyewe.

Mama wa Nanyamba (#4)

Mwanangu Bibo, shikamoo yako nimeipokea japo hukuitoa.

Kangomba unamsikia kwenye simu, mimi nimeishi naye kijiji kimoja miaka arobaini. Haji Oktoba. Anakuja Februari, unga umeisha ndani, mtoto kafukuzwa ada, au mtu wako kalazwa. Anakaa hapo kwenye mkeka, mpole, anakuita mama. Anakupa elfu sitini. Mnaandikiana kwamba mikorosho ile ya kule bondeni msimu huu ni yake. Oktoba anakuja na bakuli lake, halina alama ya wakala wa vipimo wala ya mtu yeyote, limevimba chini kama tumbo la mjamzito. Analijaza mpaka linamwagika, anasema, "Hiyo kilo." Ndiyo hela mkononi hiyo.

Baba yenu marehemu mwaka mmoja aliuza gunia nne kabla hazijaota maua. Tulipima baadaye kwa mizani ya jirani. Sisemi zaidi.

Makato ya vyama ninayalalamikia, tena nitayalalamikia mpaka kaburini. Lakini ghalani naandikiwa kilo zangu na karatasi napewa. Na kitu kingine hamkukisema nyote wawili: salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia mwezi wa sita maua yanakuwa kama yamepakwa majivu, hupati kitu. Miaka ambayo salfa ilikuwa ya kununua, mwenye mikorosho ishirini kama mimi nilipulizia nusu, nusu nikaiachia Mungu. Ilipoanza kutolewa ya ruzuku nimepulizia shamba zima. Huo ni mkono wa serikali, na kangomba hajawahi kunipa hata kilo moja ya salfa.

Bibo Chungu (#5)

Shikamoo mama. Nimekoma kwenye bakuli. Kwenye makato bado nimesimama.

Karani Mstaafu (#6)

Marahaba ya mama unaipokea ukiwa umekaa, Bibo 😄

Mama kagusa penyewe. Niongeze historia kwa vijana. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani karibu 145,000. Miaka kumi na tatu baadaye hazikufika hata 20,000. Kulikuwa na ubwiri unga, ndiyo. Kulikuwa na bei ndogo aliyolipwa mkulima na mnunuzi aliyekuwa mmoja tu. Lakini pia operesheni vijiji: watu walihamishwa wakaenda kukaa kilomita kadhaa mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiopaliliwa chini unashika moto wa nyika.

Na katika kipindi hicho hicho ndipo tulipojenga viwanda vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Lindi, Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Kibaha, jumla kumi na mbili. Vyote kwa pamoja viliweza kula zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Yaani mkono wa kulia unajenga tumbo la tani laki moja na wa kushoto unaliondolea chakula. Vingine havikuwahi kuwashwa ipasavyo. Baadaye vikabinafsishwa, na wengi wa walionunua waligundua kwamba jengo lile lina paa zuri na sakafu ya zege, likifaa sana kuwa ghala la korosho ghafi za kusafirisha.

Mzalendo wa Lindi (#7)

Uzi wa kumsema mtu asiyeweza kujibu. Wanunuzi 2018 walikula njama, hilo hulisemi. Walikaa hotelini wakapanga bei. Kiongozi gani angewaachia? Mlipata 3,300 wakati soko la dunia lilikuwa limeshuka. Leo mnajifanya wachumi. Mzee alimpigania mnyonge, na wanyonge wenyewe ndio nyinyi mnaomsema.

Karani Mstaafu (#8)

Mzalendo, nimekwambia nilipiga makofi. Sina ugomvi na nia. Na hilo la wanunuzi kupanga bei silikatai, wanunuzi wachache mjini hawakosi kikombe cha chai cha pamoja.

Ninachosema: ukiamini wanapanga bei, dawa ni nini? Moja, unawafukuza na kubeba mzigo mwenyewe bila kuwa na meli, bila mteja, bila kiwanda. Mbili, unafungua mlango waje wengi zaidi na kila mmoja aone bei ya mwenzake. Sasa hivi minada inaendeshwa kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), zabuni zinaingia kwa mtandao, mkulima yuko uwanjani anasomewa. Oktoba 2024 bei ikapita 4,000 pale Tandahimba bila lori hata moja la jeshi.

Bibo Chungu (#9)

Haki itendeke: 2024 ilipanda pia kwa sababu Afrika Magharibi mavuno yao yalikuwa mabaya na Asia walikuwa na njaa ya mzigo. Msiipe TMX sifa yote.

Karani Mstaafu (#10)

Kweli kabisa. Lakini bahati nayo inataka mtu aliyefungua duka. 2018 bahati hiyo ingekuja ingetukuta tumefunga.

Fundi Spana (#11)

Nimesoma kimya, sasa niseme nilichokiona.

2019 nilikwenda Vietnam kwa shughuli za mashine za kahawa, mwenyeji wangu akanipeleka mkoa wa Binh Phuoc, ndiko korosho zilikojaa. Nilitegemea kuona kiwanda kama vile vyetu vya zamani, jumba refu na bomba la moshi. Cha kwanza nilichooneshwa kilikuwa karakana ya familia, baba na vijana wawili, wanatengeneza visu vya mashine za kubangulia. Jirani yake anatengeneza tanuri. Anayefuata anatengeneza mashine ya kumenya lile ganda jembamba la ndani. Mtaa mzima.

Tukaenda kiwandani. Saa nne asubuhi mashine moja ikagoma, kisu kimevunjika. Mwenye kiwanda hata hakukunja uso. Akapiga simu. Kabla ya saa sita kijana kaja na pikipiki, kipuri kwenye mfuko wa rambo, mashine ikawaka. Mimi huku kwetu kuna mashine nimeisubirishia kipuri wiki sita, wafanyakazi wako nyumbani na mkopo unahesabu siku.

Mzigo waliokuwa wanabangua siku ile, gunia zimeandikwa Tanzania. Nikagusa moja, nikajisikia vibaya kidogo, kama umekuta nguo ya nyumbani kwenu imeanikwa kwa jirani.

Wale watu mwanzoni mwa miaka ya 90 walikuwa wanauza ghafi India kama sisi. 2006 wakaipita India kwa kuuza nje korosho karanga, yaani kile kiini kilichobanguliwa. Na shamba lao wenyewe halitoshi, sehemu kubwa ya wanachobangua wanaitoa Afrika na Kambodia. Kwa hiyo msiniambie siri ni kuwa na mikorosho mingi. Serikali yao ilikuwa na mpango wa zao kutoka 1999 hadi 2010, ikatoa mikopo, umeme ukafika vijijini, bandari ikafanya kazi. Sikusikia mahali kwamba serikali yenyewe ilitengeneza kile kisu. Kisu alitengeneza yule baba.

Kiti Cha Mbele (#12)

Hapa nimeacha kutafuna.

Mkanju wa Kilifi (#13)

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili. Mimi niko Kilifi, sisi huku tunaita mikanju. Naomba nilete mfano ambao naona utawakata kiu.

Kilifi tulikuwa na kiwanda kikubwa tangu miaka ya 70. King'ora chake kikilia asubuhi mji mzima ulijua saa. Marehemu nyanya yangu alikuwa akibangua pale, vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa yale mafuta ya ganda hadi alipofariki. Miaka ya 90 kikauzwa, kikayumba, kikafa.

Sasa sikizeni. Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi na makadamia ghafi. Sheria ni moja, tarehe ni moja, zimeandikwa karatasi moja. Makadamia kule mlimani, viwanda viliongezeka mara kadhaa, wakulima wakapanda miche kwa fujo. Korosho huku pwani hazikuamka. Marufuku ile ile!

Tofauti ni kwamba makadamia ilikuwa na miche mizuri, ilikuwa na wakulima wenye hati za mashamba, na ilikuwa na wenye viwanda waliokwisha kujuana na wateja wa nje. Mikanju yetu ni ya kina babu, imezeeka, hakuna aliyekuja na miche wala dawa, na nusu ya watu wanaishi kwenye ardhi isiyo na hati, nani apande mti wa miaka arobaini kwenye shamba asilojua kama ni lake? Marufuku ikawa ni kumfungia mkulima mlango wa mbele na wa nyuma hauna.

Na hata hao wa makadamia msidhani ni peponi. Bei ya dunia ilipoanguka, wakulima walilia wabanguaji wanawanyonya kwa kuwa hawana pa kwenda, serikali ikafungua ghafi kwa muda. Kwa hiyo hata marufuku iliyofanikiwa ina mtu anayeilipia.

Karani Mstaafu (#14)

Mkanju, Mungu akuweke. Huu mfano nilikuwa siujui namna hiyo, sheria moja mazao mawili. Msumbiji nao wana wao, kinyume chake. Katikati ya miaka ya 90 Benki ya Dunia iliwabana wapunguze kodi ya kusafirisha ghafi kutoka asilimia 20 hadi 14. Hoja ilikuwa mkulima apate bei nzuri. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani, wengi kina mama, na mkulima aliambulia kidogo mno. 1999 bunge lao likapandisha kodi tena, kati ya 18 na 22, lakini viwanda vile vikubwa havikufufuka. Vilivyoota baadaye Nampula ni vidogo vidogo, aina nyingine kabisa.

Bibo, huo ndio uhuru wa soko ulioutaka. Mzalendo, na kwetu 2018 ndiyo mkono wa chuma ulioutaka. Vyote viwili vimejaribiwa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi.

Mbanguaji Mdogo (#15)

Mnazungumza viwanda, ngoja mwenye kiwanda aseme. Nina mashine kumi na mbili na kina mama thelathini, mkoa nauhifadhi.

Hesabu yangu iko hivi. Kilo mia za ghafi zinanipa kilo ishirini na mbili hivi za karanga, nikibahatika. Bei mnadani ikiwa 4,000, ghafi peke yake imenila 400,000. Gawanya: kila kilo ya karanga imeshabeba zaidi ya 18,000 kabla sijawasha taa, kabla sijamlipa mtu, kabla sijanunua boksi. Na hapo nusu inaweza kutoka vipande, na kipande bei yake si ya nzima. Yale maganda wenzetu wanakamua mafuta na kuuza, mimi natupa, au nawapa majirani wachomee matofali.

Lakini si hilo linaloniua. Linaloniua ni kwamba mnada ni Oktoba hadi Desemba au Januari. Nikitaka kufanya kazi mwaka mzima, lazima ninunue mzigo wa miezi kumi na mbili ndani ya wiki chache, kwa fedha taslimu, nikishindana uwanja mmoja na mtu anayenunua kwa ajili ya Vietnam, ambaye kakopa kwa riba ambayo mimi nikiitaja benki kwangu wanacheka. Mwezi wa nne mzigo wangu umeisha. Kina mama wanarudi nyumbani. Mwezi wa kumi narudi kuwatafuta, nusu wameshaenda kuuza mihogo, nafundisha upya.

Serikali inipe nini? Sitaki ruzuku ya semina. Nimehudhuria semina za kutosha, fulana ninazo sita. Nataka mkopo wa msimu wa kununulia ghafi, dhamana iwe ni mzigo wenyewe uliopo ghalani, kwa riba ambayo mtu mzima anaweza kuitamka. Na nataka umeme usioniachia tanuri nusu.

Fundi Spana (#16)

Umeme Mtwara, na gesi inatoka Mnazi Bay hapo hapo inapita kwenda Dar kwa bomba. Ngoja ninyamaze.

Mzalendo wa Lindi (#17)

Nimewasikia. Lakini basi tufunge ghafi kabisa kama Benin. Wao wamethubutu.

Karani Mstaafu (#18)

Benin ndio mfano niliokuwa nauhifadhi, asante kunifungulia.

Benin walitangaza 2022 kwamba kuanzia Aprili 2024 hakuna ghafi kutoka. Angalia hizo tarehe. Katikati hapo walikuwa wanajenga eneo la viwanda Glo-Djigbé, mwenye kiwanda anaingia anakuta barabara, umeme na jengo. Ivory Coast wao wakapita njia nyingine: mbanguaji analipwa faranga 400 kwa kila kilo ya karanga aliyoisafirisha, yaani hupewi kwa kuahidi, unapewa ukishafanya. Kuna misimu wamezuia ghafi kwa muda ili wabanguaji wa ndani washibe kwanza. Sijui kama watafaulu wote wawili, ni mapema. Ila mwenye hela zake akitaka kuweka kiwanda pale anajua miaka mitatu ijayo itafanana vipi.

Sasa sisi. Tozo ya ghafi ni asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Sehemu kubwa, asilimia 65, ilikuwa inarudi kwenye zao: miche, salfa, utafiti. Juni 2018 ikapitishwa kwamba yote iende mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini walisimama kupinga, hawakusikilizwa. Miezi mitano baadaye ndiyo malori. Baada ya miaka michache sehemu ikarudishwa, salfa anayoisema mama ikatoka, na msimu wa 2023/24 tukarudi juu ya tani 300,000. Kwa hiyo ndani ya miaka sita zao moja limebadilishiwa sheria ya fedha mara mbili na namna ya kuuza mara mbili. Mkorosho unaoupanda leo unaanza kukulipa mwaka wa tatu au wa nne. Haujawahi kuzaa chini ya sheria uliyopandwa nayo.

Jibu langu nililolificha ndilo hilo. Sijali sana serikali ni kubwa au ndogo. Najali ina subira kiasi gani. Mti una kalenda yake, kiwanda kina kalenda yake, soko la Krismasi la huko nje lina kalenda yake, na serikali yetu ina ya kwake ya bajeti ya Juni na uchaguzi. Ikilazimisha hizo tatu zifuate ya kwake, tunauza korosho za manjano mwezi wa tatu.

Sasa hivi kuna mradi wa kongani ya viwanda, yaani viwanda vingi eneo moja, huko Maranje mkoani Mtwara, na serikali imesema inataka kuacha kuuza ghafi. Sawa, mimi naunga mkono. Ila waiandike tarehe, waibandike ukutani, na mkuu yeyote atakayekuja aikute hapo.

Bibo Chungu (#19)

Nakubali nusu. Subira ya kitu kibovu nayo ni ubovu. Operesheni vijiji ilikuwa na subira ya kutosha. Ukibandika tarehe ya kufunga ghafi kabla Mbanguaji hajapata mkopo wake, unakuwa umembandikia mama wa Nanyamba tarehe ya kuuza kwa bei ya mtu mmoja. Kilifi hiyo.

Karani Mstaafu (#20)

Hapo umenibana. Basi mkopo wa Mbanguaji utangulie, tarehe ifuate. Sina la kuongeza.

Mbanguaji Mdogo (#21)

Mkiupata huo mkopo nitumieni ujumbe wa faragha 😅

Mama wa Nanyamba (#22)

Wanangu nimesoma yote, mjukuu kanisomea mengine. Mimi nina la karibu. Mwaka jana makontena yalichelewa bandarini, ghala likajaa, tukaambiwa tukae na mzigo nyumbani, mvua ikaingia. Wewe karani, msimu huu nipeleke lini?

Karani Mstaafu (#23)

Mama, peleka mnada wa kwanza au wa pili, usingoje bei ipande, foleni ya ghala ni mbaya kuliko bei. Anika juani siku tatu, nne kama kuna mawingu. Ukizitikisa kiganjani zilie kama kokoto, zikilia pu pu hazijakauka, watakushusha daraja. Zilizookotwa baada ya mvua zitenge gunia lake, usichanganye hata kidogo. Na magunia kachukue wiki hii chamani, mwaka jana yaliisha kabla ya mnada wa pili.